Moja Moto, Moja Baridi: Msamiati wa Bia na wa Akiba ya Nyumbani katika Kiswahili cha Mikocheni

Utangulizi



Mihadhara ya umma juu ya Kiswahili imezoea kushughulikia ushairi, usanifishaji, istilahi za sayansi na nafasi ya lugha katika elimu. Ni nadra bia kupewa nafasi ukumbini. Hata hivyo, kazi ya mwanaisimu si kuyapanga maneno kwa kufuata heshima ya mahali yanaposemwa. Neno linalosemwa na maelfu ya watu kila jioni ni sehemu ya lugha, liwe limezaliwa msikitini, kanisani, sokoni au baa.

Mhadhara huu unachunguza maneno ambayo wakazi wa Mikocheni, jijini Dar es Salaam, huyatumia wanapoeleza bia wanayoipenda na vinywaji wanavyoviweka nyumbani. Hoja yake kuu ni moja. Bila kamati wala kikao cha istilahi, wazungumzaji wameunda utaratibu kamili wa kuagiza, kukaribisha na kukataa kinywaji. Wakati huohuo, msamiati mwingine wa Kiswahili, ule unaoeleza ladha yenyewe, unaondoka mezani kimyakimya. Yote mawili yanawahusu watunga kamusi, walimu na hata waganga.

Jina la mahali na kileo cha kwanza

Mikocheni ni kata ya Manispaa ya Kinondoni, iliyopakana na Msasani kwa upande wa bahari, na kupitiwa na barabara iliyokuwa ikiitwa Old Bagamoyo, ambayo sasa ina jina la Mwai Kibaki. Jina la kata lina sehemu tatu zilizo wazi: kiambishi cha wingi mi-, shina -koche, na kiambishi cha mahali -ni. Mikocheni ni mahali penye mikoche. Mkoche ni mti wa jamii ya mitende, wenye shina linalogawanyika matawi, tofauti na mnazi ambao husimama kwa shina moja. Katika jiji hilohilo wapo Mchikichini, penye jina la mti mwingine wa jamii hiyo, na ndiko kilipo kiwanda kikongwe cha bia cha Tanzania Breweries, kando ya Barabara ya Uhuru. Kwa hiyo bia ya chupa inayonywewa mahali penye jina la mikoche hutoka mahali penye jina la mchikichi. Hiyo ni sadfa tu, lakini inakumbusha kwamba katika mwambao huu kileo kilitoka kwanza mtini.

Kileo hicho ni tembo, yaani utomvu wa mnazi uliogemwa. Kitenzi chake ni kugema, na mtendaji wake ni mgema, yule ambaye methali inasema akisifiwa, tembo hulitia maji. Wengi huinukuu methali hiyo kwa ajili ya mafunzo yake. Mwanasarufi huinukuu pia kwa ajili ya kiambishi -li- kilichomo katika neno hulitia. Kiambishi hicho kinaonyesha kwamba tembo la kunywa limo katika ngeli ya li-ya. Tembo wa porini, kwa upande wake, hufuata upatanisho wa viumbe hai: tembo amekuja, tembo wamekuja. Masikio hayatofautishi maneno hayo mawili. Upatanisho wa kisarufi ndio unaotenganisha mnyama na kinywaji.

Jambo hili limejirudia katika karne ya viwanda. Kenya Breweries ilianzishwa mwaka 1922, na mwaka uliofuata mmoja wa waasisi wake, George Hurst, aliuawa na ndovu katika mawindo; bia ya Tusker ikapewa jina kwa kumbukumbu ya tukio hilo. Tanzania nayo ina bia iitwayo Ndovu. Mteja wa Mikocheni husema Ndovu mbili, wala hasemi Ndovu wawili. Mhudumu hujibu Ndovu zimeisha, wala hasemi Ndovu wamekwisha. Hakuna mwalimu aliyewafundisha kanuni hiyo. Wameitumia kwa sababu sarufi ya lugha yao inaidai, kama ilivyodai kwa tembo la mgema.

Pombe, bia na mahali pa kunywea

Lugha nyingi za Kibantu zina neno la kileo cha nafaka linalotokana na mzizi mmoja, kama ubwalwa ya Kibemba na utshwala ya Kizulu. Kiswahili hakikulichukua neno la mzizi huo. Kinatumia pombe, neno ambalo tayari limo katika kamusi ya Ludwig Krapf iliyochapishwa mwaka 1882. Juu ya pombe na tembo yaliongezeka maneno ya wageni, tabaka juu ya tabaka. Mvinyo ulitokana na Kireno. Divai ilitokana na Kifaransa, kwa njia ya wamisionari na misa zao. Bia yenyewe huelezwa kuwa imetokana na Kiingereza, lakini umbo lake lingeweza kutokana na Kijerumani vilevile, kwa kuwa r ya mwisho haitamkwi wazi katika lugha yoyote kati ya hizo mbili. Wajerumani waliishika Dar es Salaam hadi mwaka 1916, na shule na hela ni maneno yaliyobaki kutoka kwao. Fonolojia peke yake haiwezi kuamua asili ya bia.

Pamoja na maneno, kulikuja sheria. Katika miongo ya mwanzo ya utawala wa Waingereza, Waafrika waliwekewa vizuizi vya kununua vileo vya Kizungu. Pombe za kienyeji ziliruhusiwa mahali maalumu na kwa leseni. Mgawanyo huo wa kisheria umekwisha zamani, lakini umebaki katika lugha. Hadi leo mbege, kangara au komoni hunywewa kilabuni, na bia hunywewa baa. Mtu anayesema kilabu cha bia, au baa ya komoni, huonekana kuwa amekosea, ingawa kanuni iliyoutenga msamiati huo haipo tena.

Vitenzi navyo vimegawanyika. Tembo na ulanzi hugemwa. Mbege, komoni na gongo hupikwa. Bia hutengenezwa, kwa sababu kazi yake hufanyika kiwandani, mbali na macho ya mnywaji. Kitenzi kupika kinaiweka pombe jikoni, mikononi mwa mwanamke, kwa kuwa wapishi wengi wa pombe za kienyeji ni wanawake. Gongo ilipokatazwa, sheria ya mwaka 1966 iliipa jina la moshi, neno lililotoka palepale mekoni.

Kati ya kilabu na baa kuna grosari. Neno hili linastahili kuangaliwa kwa makini na yeyote anayedhani kwamba maneno ya mkopo hubaki na maana yalizotoka nazo. Kwa Kiingereza ni duka la vyakula. Katika Dar es Salaam, grosari ni duka dogo lenye friji, viti vichache vya plastiki nje na wateja wanaofahamiana. Watu huenda kununua bia za kupeleka nyumbani, wakakutana na jirani, wakakaa. Asiyeijua maana hiyo ya mjini, akaagizwa kununua unga grosari, anaweza kurudi mikono mitupu.

Moto na baridi

Mteja akiketi, swali la kwanza analoulizwa na mhudumu baada ya jina la bia ni fupi:

(1) Moto au baridi?

Mgeni asiyeifahamu Tanzania hushtuka, akidhani kwamba huenda ataletewa bia iliyochemshwa. Lakini bia ya moto haijapata moto wowote. Ni bia iliyokaa kwenye kreti, katika joto la kawaida la chumba, ambalo mchana wa Dar es Salaam hufika takribani nyuzijoto 30. Kinachoelezwa na neno moto hapa ni kule kutopitia friji.

Mabadiliko haya ya maana yana sababu. Kabla ya friji kuenea, bia ilikuwa bia tu. Kitu kisicho na mpinzani hakihitaji kivumishi. Friji ilipoingia na kuleta bia ya baridi, ile ya zamani ilibidi ipewe jina la kuitofautisha. Ndivyo ilivyokuwa kwa simu: ilikuwa simu tu mpaka simu ya mkononi ilipoingia, ndipo ile ya zamani ikaitwa simu ya mezani. Moto, kwa hiyo, ni jina jipya la hali ya zamani.

Kisarufi, moto na baridi ni nomino, si vivumishi. Moto ni la asili ya Kibantu. Baridi limetokana na Kiarabu. Yote mawili huunganishwa kwa -a: bia ya moto, bia za baridi. Mezani, hata hivyo, kiunganishi hicho huachwa:

(2) Safari moto mbili.
(3) Kili moja baridi.

Watu wengine huuita mtindo huu uvivu wa kusema. Lakini una kanuni zake na haupo kwenye bia peke yake. Ndio mtindo wa chai rangi, wali maharage, mbuzi choma na chipsi mayai. Ni sarufi ya agizo: kitu hutangulia, sifa hufuata, na kiunganishi huachwa kwa sababu msikilizaji anakijua. Mfuatano hauwezi kupinduliwa. Hakuna asemaye moto Safari.

Kutokana na maagizo hayo umepatikana msemo moja moto, moja baridi. Maana yake ya msingi ni chupa mbili za hali mbili, kwa anayetaka kuzichanganya au kuzifuatanisha. Lakini mtu akimwambia mwenzake waende wakapate moja moto, moja baridi, hazungumzii tena joto la chupa. Anamwalika kuketi na kuzungumza. Msemo umetoka katika agizo ukawa jina la starehe nzima.

Upendeleo wenyewe una hoja zake, na kila upande huzitetea. Wapendao ya moto husema baridi huwaumiza koo na kuficha ladha. Wapendao ya baridi husema bia ya moto hujaza tumbo na kupanda kichwani haraka. Sayansi inawapa wote sehemu ya haki. Ubaridi mwingi hupunguza uwezo wa ulimi kuonja uchungu na utamu, na harufu hutoka kidogo. Kwa hiyo bia ya moto husikika zaidi mdomoni. Kwa upande mwingine, gesi iliyomo hutoka kwa wingi zaidi kinywaji kinapokuwa na joto. Ndiyo maana bia ya moto hufura povu na kujaza tumbo. Kuhusu kulewa, chupa ya mililita 500 yenye kileo asilimia 5 ina mililita 25 za kileo halisi, iwe imetoka kwenye kreti au kwenye friji.

Katika miaka ya mgawo wa umeme, kama 2006 na 2011, friji nyingi za mjini zilizimwa kwa saa nyingi. Swali la moto au baridi likakosa maana, kwa kuwa jibu lilikuwa moja. Mnywaji wa baridi aliinywa ya moto bila kuipenda. Jambo hilo linaonyesha kwamba ladha ya mtu binafsi haiko ulimini mwake peke yake. Inategemea nguzo ya umeme, gari la kiwanda na bei ya siku ile.

Majina ya bia nayo yameshikamana na nafsi za watu. Safari Lager ilianza kutengenezwa mwaka 1977, na Kilimanjaro mwaka 1996, miaka mitatu baada ya serikali kuingia ubia na kampuni ya Afrika Kusini katika Tanzania Breweries mwaka 1993. Serengeti ikaja kama mshindani wake. Balimi, iliyolengwa kanda ya Ziwa, imebaki na kiambishi ba- cha lugha za huko, ambacho katika Kiswahili ni wa-. Balimi ni wakulima. Mtu wa Mikocheni aliyetoka Mwanza au Bukoba akiagiza Balimi, anakumbuka kwao kwa kiambishi kimoja.

Kinachowekwa nyumbani

Unywaji wa nyumbani una msamiati wake, na huo hauonekani barabarani. Mikocheni yenye nyumba za uzio na mabanda ya uani inautumia kwa namna iliyo wazi kuliko mitaa mingi, kwa sababu nyumba nyingi zina nafasi ya stoo na friji zaidi ya moja.

Chombo cha kwanza ni kreti. Bia ya chupa katika Afrika Mashariki huuzwa kwa mfumo wa kurudisha chupa. Asiye na chupa tupu hulipia chupa pamoja na kilichomo. Kwa hiyo kreti ya chupa tupu iliyoegeshwa nyuma ya mlango wa jikoni si takataka, ni mtaji. Jirani huweza kuazima chupa tupu kama anavyoazima chumvi, na huzirudisha. Katika miaka ya mwanzo ya 1980, bidhaa nyingi zilipoadimika na maneno ulanguzi na foleni yakawa ya kila siku, aliyekuwa na kreti ndani alikuwa na hazina. Kopo, ambalo hutupwa baada ya kunywewa, limekuja na tabia nyingine: halidai kurudishwa, wala halimpi mtu sababu ya kubisha hodi kwa jirani.

Chombo cha pili ni friji. Kamusi humpa msomaji neno jokofu. Nyumbani watu husema friji. Ndani yake bia hupangwa na maziwa ya watoto, maji na soda za wageni, na jinsi inavyopangwa ina adabu yake. Katika nyumba ambayo baba anatumia na mama hatumii, au yenye ndugu Waislamu wanaokuja kutembea, chupa huwekwa rafu ya chini, au hubaki stoo zikiwa za moto mpaka wageni waondoke. Hivyo bia ya moto hupata sababu nyingine isiyohusu koo wala ladha: ni ile isiyoonekana mtu akifungua friji.

Chombo cha tatu ni kabati la sebuleni. Humo hukaa mvinyo wa Dodoma, chupa ya Konyagi, na chupa moja au mbili zilizoletwa na aliyesafiri. Hivi huwekwa zaidi kutazamwa kuliko kunywewa. Vipimo vya vinywaji vikali vina majina yenye picha: chupa bapa huitwa bapa, na chupa kubwa huitwa mzinga. Kwa muda fulani kulikuwapo kiroba, kipakiti cha plastiki kilichochukua jina la mfuko mdogo. Kiroba hakikuwa cha kabatini. Kilikuwa cha mfukoni, na ndiyo sababu kiliwafikia hata vijana wa shule. Serikali ilikipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Katika mifano hii yote chombo kimelipa kinywaji jina, kama mtungi ulivyofanya zamani.

Hata hivyo, kitu chenye thamani zaidi kinachowekwa nyumbani ni kauli za kukaribisha. Mwenyeji wa Mikocheni hamwulizi mgeni kama anakunywa pombe. Humwuliza:

(4) Shikamoo, mzee. Karibu. Unatumia kinywaji gani?

Au, kwa rika lake:

(5) Kaka, unatumia?

Kitenzi kutumia katika (5) hakina yambwa. Kwa kawaida kitenzi hiki hudai kitu kinachotumiwa. Hapa kitu kimeachwa kwa makusudi, na kila mtu anakijua. Anayetaka hujibu kwa jina la bia na hali yake. Asiyetaka hujibu situmii, na mazungumzo yanaendelea. Hakulaumu, hakulaumiwa, hakueleza dini yake wala afya yake. Akitaka kueleza, anazo njia: yupo kwenye dawa, ameacha, ameokoka, amefunga. Mwenyeji hujibu kwa soda au maji, na heshima ya pande zote mbili inabaki. Katika mji ambao Mwislamu na Mkristo hupangisha vyumba vya nyumba moja na kuoleana, kauli hiyo ya neno moja imezuia ugomvi mwingi.

Tafsida hiyo ina gharama yake. Neno kinywaji limefunika soda, bia na Konyagi kwa blanketi moja. Mgonjwa akiulizwa na daktari kama anatumia kinywaji, hujibu kidogo, au moja mbili. Moja ya nini? Chupa mbili za nusu lita zenye kileo asilimia 5 zina takribani gramu 40 za kileo halisi, kiasi ambacho waganga huwa wanataka kukijua kwa hakika. Bapa moja ni jambo jingine kabisa. Lugha iliyotengenezwa kwa ajili ya heshima ya sebuleni haitoshi katika chumba cha daktari. Haifai kuilaumu kwa hilo. Inafaa kuwafundisha wauguzi waulize kwa majina ya vyombo, yaani chupa, kopo, bapa au kikombe, ambayo wagonjwa wenyewe huyatumia bila haya.

Ladha isiyo na neno mezani

Kufikia hapa msamiati wa Mikocheni umeonekana kuwa na nguvu. Una majina, vyombo, hali na adabu. Lakini ukiuliza mnywaji kwa nini anapenda Safari kuliko Kilimanjaro, atasema moja ni kali na nyingine ni laini, au moja ni nzito na nyingine ni nyepesi. Baada ya hapo hurudi kwenye moto na baridi. Ladha yenyewe haielezwi.

Upungufu huo si wa lugha. Kiswahili kina uchungu, ukali na uchachu. Kina ugwadu, ule ukali wa embe bichi au maziwa yaliyoganda. Kina ukakasi, ule ukavu unaobana ulimi na meno. Kina kimea, nafaka iliyooteshwa ili kupikia pombe. Kina togwa kwa kinywaji kitamu ambacho hakijageuka kileo, machicha kwa makapi yanayobaki, na kuumuka kwa hali ya kufura. Tembo la asubuhi ni tamu, la jioni ni kali, na mnywaji hutaja analolitaka. Mbege ya Uchagani hupikwa kwa ndizi na ulezi, ikatiwa uchungu wa gome la msesewa, na wanaoijua hubishana juu ya kipimo cha gome hilo. Ulanzi wa Iringa na Njombe hugemwa kwenye machipukizi ya mianzi wakati wa mvua, na ladha yake hubadilika kwa saa. Wanzuki hutokana na asali. Rubisi ya Kagera hutokana na ndizi na mtama. Kila kimoja kina watu wanaokionja na kukieleza.

Bia ya kiwanda iliuondoa msamiati huo mezani kwa sababu iliondoa jambo lililouhitaji. Kiwanda kinataka kila chupa ifanane na nyingine. Pombe iliyopikwa nyumbani hutofautiana siku hadi siku, na kutofautiana kwake ndiko kulikohitaji maneno. Mnywaji wa chupa alibakiwa na maamuzi mawili tu, jina na joto, na lugha yake ikajikusanya hapo. Moto na baridi vilijaza nafasi iliyoachwa na ugwadu na ukakasi.

Kitenzi kimoja kimevuka kutoka msamiati wa zamani hadi wa sasa. Kuzimua ni kutia maji ya baridi kwenye ya moto ili yapungue ukali. Pia ni kunywa kidogo asubuhi ili kuondoa uchovu wa ulevi wa jana. Anayeoga kwa maji ya ndoo huzimua, na aliyekesha baa huzimua. Katika neno hilo moto, baridi, ukali na kiasi vimekaa pamoja.

Mapendekezo

Kutokana na hayo, mhadhara huu unapendekeza mambo matatu.

Kwanza, watunga kamusi wayaingize matumizi haya kama maana kamili zenye mifano: -a moto kwa kinywaji kisichopozwa, kutumia bila yambwa kwa maana ya kunywa kileo, na grosari kwa maana yake ya Dar es Salaam. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1981, ikarudiwa mwaka 2004 na 2013. BAKITA ilitoa Kamusi Kuu mwaka 2015. Kila toleo limepanua mipaka ya kinachohesabiwa kuwa Kiswahili. Maneno ya mezani yasiachwe nje kwa sababu ya haya. Fafanuzi la kawaida linaloeleza bia kuwa pombe ya shayiri ni sahihi, lakini mgeni atakayelitegemea atakwama kwa swali la kwanza la mhudumu.

Pili, msamiati wa wapishi na wagema ukusanywe sasa, kwa Kiswahili na kwa lugha za wenyeji, kutoka kwa wanawake wa Kilimanjaro, Kagera na Mbeya na wagema wa Iringa na mwambao. Mtoto aliyezaliwa Mikocheni anayajua majina ya bia kabla hajaruhusiwa kuzinunua, kwa sababu ameyasoma kwenye mabango. Hajawahi kusikia msesewa, hata kama bibi yake aliuchuma. Kukusanya maneno hayo si kuhimiza ulevi, kama vile kuandika istilahi za magonjwa si kuyaeneza.

Tatu, walimu wa Kiswahili wasiidharau sarufi ya agizo. Safari moto mbili ni mfano mzuri wa kufundishia ngeli, kiunganishi na mpangilio wa maneno. Ambao hawapendi mfano wa bia wana chai rangi na wali maharage, na sarufi yake ni ileile.

Hitimisho

Dalili zipo kwamba viwanda vyenyewe vimeanza kurudi kwenye nafaka za zamani. Uganda, mwaka 2002, Nile Breweries ilianza kuuza Eagle, bia ya mtama. Kenya ikafuata na Senator mwaka 2004, ambayo baadaye ilitengenezwa kwa mtama pia. Bia ya mtama ina ladha yake, na anayeinywa atatafuta neno la kuieleza. Ikiwa wakati huo neno litakuwa limeandikwa, atalikuta. Ikiwa halikuandikwa, atasema ni kali au ni laini, kisha ataulizwa kama anaitaka ya moto au ya baridi.